Neno la Kusimamisha Mashua

Funguo za banda la makasia nilikabidhiwa wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Mwalimu aliyekuwa mlezi wa klabu ya kupiga makasia alikuwa amehama, na mkuu wa shule aliniita mimi kwa kuwa nilijua kuogelea na sikuwa na klabu nyingine. Nilifurahi. Nilidhani kazi yenyewe ni kuwapata vijana wenye nguvu na kuwasimamia wasogeze chombo majini. Msimu ulipokwisha nilikuwa nimemwona mtoto akinyoosha mkono kutoka majini akitafuta pa kushika, mashua moja ilikuwa imetoboka ubavu, na kijana wa miaka 15 alikuwa amevunjika kidole. Yote hayo yangeweza kuzuilika, na mwenye kuyazuia nilikuwa mimi. Nayaandika kwa ajili ya mlezi au kiranja wa michezo atakayepewa funguo kama zile.

Kuna jambo moja mgeni wa mchezo huu hulipita haraka, kama nilivyolipita. Mwenye kafi, lile kasia fupi la mtumbwi, hukaa akitazama aendako. Mpiga makasia hukaa ameipa mgongo omo, yaani mbele ya chombo, anavuta, na chombo kinakwenda kule asikokuona. Katika mashua ya wanane, watu wanane wote wanatazama walikotoka. Anayeona mbele ni mmoja tu, yule aliyekaa tezi, yaani nyuma, ameshika kamba za usukani, na yeye hana kasia. Wanane wana nguvu bila macho, mmoja ana macho bila nguvu, na kinachowaunganisha ni sauti yake. Jambo hili nilielezwa siku ya kwanza. Nilikuja kulielewa wiki ya tisa.

Tulikuwa na mashua moja ya wanane, tatu za wanne, chache za mtu mmoja mmoja, na mashine nne za mazoezi ya nchi kavu. Nilitaka watoto waingie majini upesi, na hapo ndipo kosa la kwanza lilipozaliwa. Mlezi aliyenitangulia alikuwa na utaratibu wa kumpima kila mgeni kuogelea. Mimi niliuliza tu. Kijana mmoja wa kidato cha pili alijibu, "Najua, mwalimu," nikamwamini, na wiki ya pili nikamkalisha kwenye mashua ya mtu mmoja. Chombo hicho kina urefu wa kama mita 8 na uzito wa kilo 14 hivi, na ni chembamba kiasi kwamba makasia yasipolala juu ya maji hakikai wima. Alipogeuka kumtazama mwenzake, aliachia kasia moja, na mashua ikapinduka papo hapo.

Aliibuka akipiga maji kwa mikono yote miwili, akijaribu kuogelea kuelekea gatini. Boti yangu ya injini ilikuwa mbali nao, upande wa pili wa kundi. Aliyemwokoa si mimi. Ni msichana wa kidato cha nne aliyepiga kelele, "Shika mashua! Usiiache!" Akageuka, akalikumbatia ganda, akabaki hapo akitetemeka hadi nilipofika. Ganda la mashua ya mbio huelea hata likipinduka, na anayeliacha ili aogelee anaacha boya kubwa kuliko yote yaliyo karibu naye. Maji yakiwa ya baridi ni hatari zaidi, maana baridi humkata mtu pumzi katika dakika ya kwanza, kabla hata hajachoka.

Jioni ile niliwapigia wazazi wake na kuwaeleza jinsi ilivyotokea, pamoja na sehemu yangu. Usingizi sikuupata. Kuanzia kesho yake hakuna aliyeingia majini bila kuogelea mita 100 mbele yangu akiwa na nguo za mazoezi, kukaa juu ya maji dakika mbili bila kushika kitu, kisha kupinduliwa makusudi mahali pa kina kifupi na kutoka mwenyewe. Kutoka kuna kazi yake, kwa sababu viatu vimefungwa kwenye mashua. Kila kisigino kina kamba fupi inayokizuia kisiinuke, ili mguu uchomoke kiatu kikibaki. Nilipokagua kamba zile, karibu nusu zilikuwa zimekatika. Kazungukie banda lako uzitazame hizo kabla ya kitu kingine chochote.

Kosa la pili lilinichukua muda mrefu zaidi kuliona, kwa sababu lilionekana kama bidii. Mashine ya nchi kavu hutoa namba. Humwonyesha mtu anatumia muda gani kwa kila mita 500, na jaribio linalojulikana kila mahali ni la mita 2000, umbali ule ule wa mbio kubwa za kimataifa. Namba zilinilevya. Nilibandika orodha ukutani, nikapanga mashua ya wanane kuanzia aliye juu hadi wa nane. Vijana walianza kusukuma kile kidude cha upepo ubavuni mwa mashine hadi 10, wakidhani 10 ndiyo ya wanaume. Kidude hicho kazi yake ni kama gia ya baiskeli: ukikipandisha, kila mvuto unakuwa mzito, na mgongo wa kijana anayekua ndio unaolipa. Wengi hufanya kazi vizuri kati ya 3 na 5. Wawili waliumia kiuno kabla sijaliuliza hilo kwa mtu anayejua.

Kisha wale wanane wangu wenye namba nzuri waliingia majini, na mashua ikalala upande wa kushoto, ikalala upande wa kulia, makasia yakigongana. Kila mmoja alikuwa akivuta kwa nguvu zake na kwa wakati wake. Nguvu nyingi hutoka miguuni. Mtu anasukuma kwa miguu, anafungua mgongo, mikono inamalizia. Lakini kinachoiweka mashua sawa ni kurudi, yaani kuteleza na kiti hadi karibu na miguu ili kuanza mvuto mwingine. Kiti kinateleza, na ukirudi mbele kwa papara uzito wa mwili wako unaisukuma mashua kinyume na iendako. Kuvuta kuwe kwa haraka, kurudi kuwe kwa utulivu, karibu mara mbili ya muda wa kuvuta. Tulipunguza mapigo ya makasia hadi 18 kwa dakika. Wanne walipiga, wanne walilaza makasia juu ya maji kuishikilia mashua isiyumbe, kisha wakabadilishana. Wiki tatu tulifanya hivyo tu. Vijana walichoka nayo na wawili wakaacha klabu, na mmoja wao bado nasikitika kumpoteza. Ila siku moja niliyasikia makasia manane yakiingia majini kwa sauti moja, nikajua kwamba kwa miezi miwili nilikuwa nimewakusanya watu wanane ndani ya chombo kimoja na kuwaita timu.

Mashindano ya nje nitayasema kwa ufupi. Tulitolewa kwenye mchujo. Tulianza kwa mapigo 40 kwa dakika, tukaongoza hadi mita 400, tukafa. Kabla ya hapo tulikuwa tumepoteza nusu saa gatini, kwa sababu mikono ya chuma inayobeba makasia hufunguliwa wakati wa kusafirisha na mimi sikubeba spana. Za kwetu zilikuwa namba 10 na namba 13. Sasa ninazo pacha mbili, moja ndani ya boksi la vifaa na nyingine ndani ya mkoba wangu mwenyewe.

Nililotaka hasa kulieleza ni mbio za mabweni.

Kila mwaka shule yetu hufunga msimu kwa mabweni manne kushindana, mawili ya wavulana na mawili ya wasichana, kila bweni likitoa timu mbili za mashua. Wapigaji wengi si wanachama wa klabu. Mwaka ule walikuwa watoto 40, na 26 kati yao hawakuwahi kukalia kiti cha kuteleza. Nilikuwa na wiki tatu. Walimu wa mabweni walitaka mashua ya wanane kwa sababu inapendeza machoni, nami nikakubali. Mazoezi ya kwanza yalituchukua dakika 40 kuigeuza tu. Chombo kile kina urefu wa karibu mita 18, na kila mtu ana kasia moja, la kushoto au la kulia, kwa hiyo mmoja akikosea chombo kizima kinapinda. Kesho yake tulihamia kwenye mashua za wanne ambazo kila mtu ana makasia mawili, moja kila mkono. Mwili unafanya kazi sawasawa pande zote, mashua inakwenda kwa unyoofu hata wapigaji wakiwa dhaifu, na ndani ya siku nne mwanafunzi anaweza kupiga mita 200 bila kusimama. Niliweka pia sharti kwamba kila mashua iwe na mwanachama mmoja tu wa klabu, akae kiti kilicho karibu na mshika usukani ili wengine wafuate mapigo yake. Hilo nililipanga vizuri.

Nililoharibu ni usukani wenyewe. Niliwaambia mabweni walete "mtu mdogo" akae nyuma, wakaniletea wadogo. Wazo la kutafuta mwepesi limezoeleka sana. Lakini hata kanuni za kimataifa hazimtuzi mtu kwa wepesi wake: mshika usukani asiyefika kilo 55 hubeba uzito wa kufidia. Walioletwa walikuwa watoto wa kidato cha kwanza, wakiwa na jaketi okozi zinazowafunika hadi masikioni. Nikawaonyesha kamba za usukani kwa dakika kumi. Kushoto unavuta hii, kulia unavuta hii. Basi.

Alhamisi ya wiki ya pili, saa 11 jioni, mashua mbili ziligongana uso kwa uso.

Sikuwa nimechora ramani ya kwenda na kurudi. Penye vyombo vingi, kila kimoja hukaa upande wake wa kulia, kama ilivyo kawaida ya vyombo vinavyokutana majini. Mimi nililitamka jambo hilo mara moja gatini, watoto wakiwa wanapiga soga. Mashua ya wanne pamoja na watu wake hukaribia kilo 350. Kila moja ikienda mita 3 kwa sekunde, zinakaribiana kwa mita 6 kila sekunde, na mkionana mkiwa mita 60 mna sekunde 10. Mshika usukani wa mashua moja, msichana wa miaka 13, aliwaona wenzake mapema kabisa. Nilikuwa nasikia sauti yake kutoka kwenye boti yangu: "Simameni! Jamani simameni! Mashua!" Wapigaji wake walishtuka, wawili wakageuza shingo kutazama nyuma, mmoja akaongeza nguvu akidhani anahimizwa, na chombo kikaendelea moja kwa moja.

Ncha ya omo kwenye mashua ya mbio huvikwa mpira mdogo mweupe, wenye kipenyo kisichopungua sentimita 4. Nilipokuwa nikihesabu vifaa mwanzoni mwa msimu niliona mashua moja haina mpira huo. Nikadhani ni urembo, sikuandika kitu. Ncha ile isiyo na mpira ndiyo iliyotoboa ubavu wa mwenzake, sentimita 20 hivi kutoka kwenye paja la mtoto. Ningependa kila mwenye banda arudie kuisoma sentensi hiyo. Kidole cha kijana kilibanwa kati ya mpini wa kasia na chuma.

Fedha tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya makasia mapya zote zilikwenda kwenye matengenezo. Mzazi wa kijana alikuja shuleni akiwa na hasira, na alikuwa na haki. Niliandika maelezo kwa mkuu wa shule, nikaomba mbio zisifutwe, nikapewa siku tano nionyeshe nimebadilisha nini.

Kilichoniumiza zaidi nilikipata kwa yule msichana. Nilimkuta nyuma ya banda, amekaa juu ya ndoo, macho mekundu. Nikamwambia si kosa lake. Akasema, "Shikamoo, mwalimu," kwanza, kama walivyolelewa, kisha akaniambia, "Niliwaambia wasimame. Sikujua ni neno gani la kuwasimamisha."

Alikuwa amesema kweli tupu. Mimi nilikuwa na istilahi zangu za kocha, klabu ilikuwa na misemo yake, watoto wa mabweni hawakuwa na yoyote kati ya hizo. "Simama" kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuteleza haina maana. Asimame kwa miguu? Aache kuvuta? Arudi nyuma? Katika siku zile tano tuliacha kila kitu tukatengeneza maneno. Tulikaa chini sakafuni, watoto 40, nikawauliza wao wenyewe neno lipi linaingia haraka sikioni. Tukachagua machache. "Tayari" ni kukaa mbele, makasia yakiwa yamezama. "Piga" ni kuanza. "Acha" ni kumaliza mvuto huo na kulaza makasia juu ya maji. "Zuia" ni kuyatumbukiza na kukaza mikono, na hii ndiyo breki. "Rudisha" ni kusukuma mpini badala ya kuuvuta, chombo kiende kinyumenyume. Kila neno lina silabi chache na hakuna mawili yanayofanana mwanzo. Kabla ya kila neno, mshika usukani anataja nani anahusika: "Wote", "Wawili wa mbele", au namba ya kiti, na viti vinahesabiwa kutoka omo. Na akisema "Acha, zuia," hakuna anayegeuka kutazama wala kuuliza sababu.

Tuliyafanyia mazoezi nchi kavu, watoto wamekaa mstarini wakiwa wameshika fimbo za ufagio, yule msichana akiwa ndiye anayetoa amri kwa mabweni yote. Siku mbili za kwanza sauti yake haikutoka. Ya tatu ilitoka. Kisha majini: piga kumi, acha, zuia, tena na tena, nikipima ni mita ngapi mashua inahitaji ili isimame. Mara ya kwanza zilikuwa zaidi ya 30. Mwishoni 10 zilitosha. Ramani ya njia ilipakwa rangi kwenye mlango wa banda, na boti yangu ya injini haikukaa tena upande mmoja.

Katikati ya hayo, kiranja wa bweni mojawapo la wasichana alikuja kuniuliza jambo ambalo sikulitegemea. Nilikuwa nimepanga wavulana washindane mita 500, wasichana 300. "Kwa nini maji yetu ni mafupi, mwalimu?" Sikuwa na jibu ila mazoea. Kwenye Olimpiki wanawake walianza kupiga makasia Montreal mwaka 1976, wakapewa mita 1000 wakati wanaume wanapiga 2000, na hadi Seoul mwaka 1988 ndipo umbali ukawa mmoja. Nilibadilisha ratiba mbele yake. Mita 500 kwa wote.

Siku ya mbio iliamka na upepo. Wazazi walikwisha kufika, viti vimepangwa, mgeni rasmi yupo. Mawimbi yalikuwa yanavunjika juu ya gati. Walimu wawili wa mabweni walinishika mkono mmoja kila upande wakiniambia watoto wamejiandaa, tuwaache wapige japo fainali. Kilichonisaidia ni kwamba nilikuwa nimeandika masharti Jumatatu, kichwa kikiwa kimetulia: maji yakianza kuruka juu ya kingo za mashua tunaahirisha, na tukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya radi kumulika na kunguruma tunatoka majini, hatuingii tena hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Sikubishana na mtu. Niliwaonyesha karatasi. Hata Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens mwaka 1896, mbio za makasia zilikuwa kwenye ratiba na hazikufanyika kwa ajili ya hali ya hewa. Nililisema hilo kwenye kipaza sauti na watu wakaenda nyumbani, wengine wakinung'unika. Mgeni rasmi hakurudi tena.

Tulipiga Jumanne iliyofuata, saa 12 na nusu asubuhi, maji yakiwa yametandikwa kama mkeka. Kwa kuwa tulibakiwa na mashua mbili, zilikwenda mbili mbili. Mbio nane, wavulana nne na wasichana nne, kila moja ikihitaji dakika 20 pamoja na kubadilishana watoto gatini, kwa hiyo tulimaliza baada ya saa tatu kasoro. Anayepanga ratiba ahesabu kubadilishana. Mbio zenyewe ni dakika tatu tu.

Katika nusu fainali ya pili ya wasichana, mashua ya yule msichana ilikuwa mbele kwa nusu urefu wa mashua, zimebaki kama mita 150. Wenzao wa njia ya pili walianza kupotoka, kasia la mmoja limenaswa majini na mpini ukimsukuma kifuani, na omo yao ikawaelekea walioongoza. Nilikuwa nimeinua bendera lakini nilichelewa. Nilimsikia yeye kwanza. "Wote. Acha. Zuia." Sauti haikupanda. Makasia manane yalilala, yakazama, maji yakachemka kuzunguka ganda, na mashua ikasimama. Wale wengine walipita mbele yao, labda mita nne. Wapigaji wake wote wanne walikuwa bado wanatazama tezi, wanamtazama yeye.

Niliamuru mbio zirudiwe. Walikuwa wamechoka, wakashindwa kwa urefu mmoja. Gatini mmoja wao alilia, mshika usukani akamshika bega, akamkumbusha kwamba mashua bado inasubiri kuoshwa.

Jumamosi nilifuta ubao wa banda ili nipange klabu ya msimu unaofuata. Niliandika kwanza majina ya washika usukani, la kwake likiwa juu kabisa, ndipo nikaanza kujaza viti.